Hatua Kumi na Moja hadi Dirisha la Tatu

Jumapili, 12 Agosti 2018

Nimeshika namba tatu klabu nzima ya shabaha. Kwa wazee nimekuwa wa kwanza. Wazee wenyewe tuko wanne, mmoja ana nyonga ya chuma, mwingine kaja na bastola akasahau risasi nyumbani. Lakini wa kwanza ni wa kwanza!

Vituo vyote vinne nilijenga mimi, kama kila mwezi. Nguzo, neti za kivuli, madirisha ya mbao, kadibodi za kupiga. Miaka thelathini na moja najenga vituo vya klabu hii. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kufunga nyaya za mashamba, kutoka hapa mpaka mtoni, kwa hiyo mimi na nguzo tunajuana.

Daktari Gualtieri kashika namba tano. Ni daktari wa meno, ila ukimwita mwenyekiti anafurahi zaidi. Bastola yake ina kioo na nukta nyekundu, unaweka nukta kwenye kitu na kitu kinatoboka. Namba tano! Kaja kunipa mkono uso umevimba, utadhani kang'olewa jino yeye. Eti, Don Anselmo, unajenga mwenyewe, unashinda mwenyewe, hongera zako. Nikamwambia aje siku moja tuchimbe mashimo pamoja, labda na yeye atapata nguvu. Tito akacheka mpaka akasahau kugeuza soseji.

Tito Maidana ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu Delia. Muuza nyama. Aproni yake nyeupe haivui, naamini ataingia nayo kaburini. Kila mashindano anatuchomea nyama, na makaa yakiwa bado hayajakolea anakuja kubandika karatasi kwenye matundu ya kadibodi.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Jicho la kulia limekwisha. Tangu Kwaresima. Linaona kama dirisha la jikoni tambi zikichemka. La kushoto linafika mpaka ncha ya bastola. Baada ya hapo ni uji. Kadibodi rangi ya udongo, mbele ya tuta la udongo — uji mtupu. Leo nimepiga risasi thelathini na mbili, zimeingia thelathini na moja. Sikuiona kadibodi hata moja.

Nahesabu hatua, basi. Hatua yangu ni sentimita themanini, kwenye tope au kwenye vumbi, nimepimia nusu ya wilaya hii kwa miguu. Na nguzo najua ziko wapi kwa sababu nimezichimbia mwenyewe. Hatua sita, geuka kushoto, usawa wa kifua, mbili. Hatua nne, dirisha, mbili, mbili. Namba zote ziko nyuma ya daftari hili, kwa kalamu nene nyeusi, lile la bure la duka la mbegu.

Delia angejua siku ya kwanza. Alikuwa anajua hata nikila keki dukani.

Kwa nini nisiache? Nikiacha nitabaki na Jumatatu saba kwa wiki.

Jumanne, 14 Agosti

Kikao cha kamati. Daktari kaja na karatasi imepigwa chapa. Pendekezo: anayejenga vituo asishindane, anayeshindana asijenge. Eti ndivyo wanavyofanya klabu kubwa. Nikasema klabu kubwa zina choo kinachofungwa mlango pia, tuanze na hicho. Watu wakacheka. Halafu wakapiga kura na kunishinda, saba kwa mbili. Wa pili alikuwa Tito, alidhani tunapigia kura choo.

Mjenzi mpya ni Ofelia Zapico. Mwalimu wa hesabu, shule ya sekondari. Mtoto wangu wa ubatizo, nilimshika kichwa padri akimwaga maji, na alipofika miaka kumi na tisa nikamshikisha bastola ya kwanza, tupu. Sasa ni refa wetu mkuu. Sauti ya kengele, subira ya punda.

Kituo kikubwa cha tarehe mbili Septemba atajenga yeye. Wewe pumzika tu, Baba, akaniambia, akanigusa bega.

Pumzika!

Daktari akamalizia na matangazo. Vyeti vya afya kabla ya mwisho wa Septemba, asiye na cheti kitambulisho chake cha silaha hakitaongezwa muda. Cheti kina kipimo cha macho. Nimefikiria: zile herufi za ukutani ni ngapi? Hazizidi arobaini. Nitamtuma mtu anisomee nizikariri. Mwalimu wangu wa darasa la tatu angelia kwa furaha, hatimaye Brizuela kasoma.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimekwenda kwa Ofelia na maandazi dazani moja, yale ya jamu. Upelelezi mtupu.

Kanifungulia, kaangalia maandazi, kaniangalia mimi.

"Baba, umekuja kuniona mimi au kuona karatasi?"

"Nimekuja kukuona wewe. Karatasi ikiwepo njiani siwezi kufumba macho."

Akacheka. Karatasi ya miraba ilikuwa mezani, akaifunika na kikaango. Nikamwambia mwalimu mzima anafunika mtihani kwa kikaango! Akasema ni mimi niliyemfundisha: kituo haonyeshwi mtu kabla ya siku yake, hata mama mzazi. Kweli nilisema. Nilisema mambo mengi.

Tukanywa yerba, chai yetu ya majani machungu. Anatia maji taratibu, kibuyu hakipoi. Kanisimulia wanafunzi wake, mmoja kaandika kwamba pembetatu ina pembe nne, ya nne ni ya akiba. Nikasema huyo ajiunge na klabu.

Halafu birika likaanza kupiga kelele. Akaliendea, na kwa kuwa alihitaji pa kupikia mayai, akachukua kikaango.

Karatasi wazi. Mezani. Mbele yangu, mkono mmoja tu! Mgongo wake umegeukia jiko. Nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Penseli. Mistari myepesi ya mwalimu. Nikafumba la kulia, nikakaza la kushoto.

Uji.

Nimekaa wima, nimekula andazi la tatu. Aliporudi akaona karatasi iko wazi na mimi nimetazama dirishani. Akasema, "Baba, siku hizi umekuwa mtu mwaminifu." Alisema kwa mzaha. Nadhani kwa mzaha.

Jumapili, 19 Agosti

Mazoezi uani. Bastola tupu, makopo matupu juu ya uzio, hatua nne, mbili, hatua sita, mbili. Kuku wamezoea. Jogoo hajazoea, ananifuata nyuma kama refa.

Tito kapitia na figo za ng'ombe. Kaniona natembea nimeinama nahesabu.

"Shemeji, unapima kaburi?"

"Lako. Umenenepa, nimeongeza hatua mbili."

Akaacha figo akaenda. Kisha akarudi getini, akauliza kwa nini sikuitikia jana aliponipungia mkono ng'ambo ya barabara. Nikamwambia nilimwona, ila sikumpenda.

Jumamosi, 25 Agosti

Hahaha! Wamenihitaji!

Ardhi ya uwanja imekauka kama tofali, hakuna anayejua kuchimba shimo la nguzo. Daktari kashika koleo dakika tano, kapata malengelenge, na malengelenge ni hasara kwa mtu anayetia vidole kwenye vinywa vya watu. Wakaniita. Kamati ikaamua palepale: Don Anselmo achimbe, ila asijue.

Nikauliza mtu anachimba vipi bila kujua. Ofelia akasema, "Utaona."

Kaweka alama kwa chokaa. Nikahesabu: mashimo thelathini. Kadibodi zenyewe ni tisa tu! Thelathini, Baba, na ishirini na moja tutafukia wenyewe wewe ukishaondoka. Akasema hivyo bila kucheka. Nimejivunia, sitaki kuficha. Mimi nisingefikiria.

Nimechimba yote. Yote nimeyapima kwa hatua, nikirudi na kwenda kama natafuta koleo. Namba zote thelathini ziko nyuma ya daftari. Nitajua tisa ni zipi siku yenyewe, katika zile dakika tano za kutembelea kituo. Dakika tano zinamtosha mtu aliyechimba.

Wakati tunakunja kamba, Ofelia kaniuliza kama nakumbuka siku niliyomtoa Daktari mashindanoni, nikiwa refa. Nakumbuka sana. Mwaka juzi, aligeuka vibaya, mdomo wa bastola ukapita usawa wa mabega ukaelekea watu. Nikapaza sauti, akasimama, akatoa risasi, akaenda nyumbani bila kula. Alininunia mpaka Krismasi.

"Ulikuwa na uhakika?" Ofelia akauliza. "Sekunde ile?"

"Hapana. Nilikuwa na mashaka. Refa akiwa na mashaka anasimamisha. Akingoja uhakika, uhakika wenyewe una damu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja kamba. Sijui kwa nini aliuliza.

Alhamisi, 30 Agosti

Santa Rosa, sikukuu ya mtakatifu ambaye kila mwaka huja na dhoruba. Kila mtu anatazama juu. Dhoruba yake haijafika, mbingu safi, joto la ajabu, nzi wanauma. Tito anasema ikichelewa ndiyo inakuja na hasira. Daktari anasema utabiri wa simu yake umeonyesha jua mpaka Jumatatu.

Goti langu la kushoto linasema Jumapili.

Jumapili, 2 Septemba, asubuhi

Upepo wa kusini. Goti moja, simu sifuri!

Nimevaa mkanda. Magazini mbili, risasi kumi kila moja. Nimekunywa yerba nimesimama. Jogoo kanisindikiza mpaka getini.

Jumapili, 2 Septemba, adhuhuri, benchi la uwanjani

Naandika hapa hapa. Wanasubiri upepo upungue kidogo, na mimi nasubiri kuitwa.

Niandike kwa mpangilio.

Kituo cha Ofelia ni kizuri. Korido ya neti, madirisha matatu, kadibodi nane za kupiga, risasi mbili kila moja, na moja nyeupe, mateka. Ukimgusa mateka umeliwa. Yuko dirisha la tatu, ubavuni kabisa mwa kadibodi ya mwisho.

Dakika tano za kutembelea. Watu wazima kumi na nne ndani ya korido, vidole vimenyooka kama bastola, midomo inatikisika, kila mtu anapiga hewa na kugeuka. Mtu akipita barabarani atadhani tumetoroka hospitali. Mimi nimesimama nyuma ya Daktari. Kidole chake nakiona, kiko karibu. Kidole cha daktari wa meno hakitetemeki! Kilipoelekea, nikajua ni shimo namba ngapi. La nne. La tisa. La kumi na saba. Kwenye dirisha la tatu kikaenda kulia, kikakwepa kidogo, "usiguse," akajiambia, kikatulia. Shimo la ishirini na sita, mateka kushoto kwake. Hatua kumi na moja kutoka alama ya kuanzia. Asante, Daktari.

Nilikuwa wa tisa kuitwa. Nyuma yangu Ofelia na ile saa ya mlio ya kupima muda. Tito na wenzake wamebandika, wametoka, uwanja mtupu.

Akanipa amri ya kujaza. Nikajaza. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila mtu, "Uko tayari?" Hapa kwetu ukikaa kimya ni ndiyo. Asiye tayari anasema hapana, na refa anangoja. Miaka thelathini na moja sijawahi kumsikia mtu akisema hapana. Nikakaa kimya.

Mlio.

Nilikwenda vizuri mno. Sijawahi kwenda vile. Hatua sita, mbili. Dirisha la kwanza, mbili, mbili, mbili. Magazini mpya nikitembea. La pili, mbili, mbili, mbili. Sikukosea mguu. Upepo ukanipiga usoni, neti zikapiga kelele kama matanga ya sarakasi, nikafika la tatu, hatua kumi na moja kamili, kulia, kifua, mbili.

"SIMAMA!"

Sauti ya Ofelia. Nikasimama. Kidole nje. Nikatoa magazini, nikaonyesha chemba tupu, nikarudisha bastola kwenye ala yake. Nyuma watu wakaanza kupiga kelele za kusikitika. Daktari alikuwa wa kwanza: bahati mbaya, Don Anselmo, bahati mbaya, upepo! Na alisema kwa moyo safi, maana alishanitangulia kwa pointi.

Sikuelewa mpaka Tito aliponiambia. Kadibodi ya mwisho ilikuwa imeng'oka. Iliruka na upepo ikaenda kukaa kwenye neti, hatua nane mbali. Na mateka kaanguka kifudifudi. Dirisha la tatu halikuwa na kitu. Vijiti viwili tu.

Wao walioko nyuma walidhani kadibodi iliruka nikiwa nimeshafyatua. Wote walidhani hivyo. Ofelia alikuwa begani kwangu.

Kaenda mwenyewe mpaka kwenye tuta. Kakaa huko muda. Nilimwona kama doa la bluu. Kisha doa likarudi, likawa Ofelia.

"Matundu mawili kwenye tuta," akasema. Taratibu, wengine wasisikie. "Yako sehemu moja, kiganja hakipiti katikati. Usawa wa kifua."

"Mazuri hayo."

"Mazuri sana. Kifua cha nani, Baba?"

Nikamwambia mkono ulishazoea mwendo, ukaenda wenyewe, kama punda wa muuza maziwa anayesimama hata nyumba iliyohamwa. Mzaha mzuri. Siku nyingine angecheka.

"Ilikuwa imeshaanguka hujafika dirishani. Hatua tatu kabla. Nilingoja ushushe mikono." Akaizima saa yake. "Nilingoja, Baba. Nilikuwa na mashaka, nikangoja uhakika."

Aliyemfundisha hayo ni nani? Mimi!

"Tangu lini?"

"Kwaresima."

Akahesabu kwenye vidole, mwalimu wa hesabu. Machi, Aprili, akaishia hapo. Nilidhani atalia au atanipigia kelele. Akafungua kitabu cha sheria, ule ukurasa ambao niliusaidia kuuandika mimi, na kusoma kana kwamba mimi ni mgeni: vifaa vya kituo vikiharibika katikati, mshindani anarudia. Kila kitu kirudishwe mahali pake pa mwanzo.

"Kwa hiyo unarudia. Niliyoyaona nimeyaona mimi peke yangu, sina ushahidi wa kumwandikia Daktari. Nitairudisha kadibodi pale pale, shimo la ishirini na sita. Unalijua, hatua kumi na moja." Akafunga kitabu. "Na nitakuuliza lile swali ninalowauliza wote. Ila leo nataka ulisikie."

Akaenda. Mgongo wake ni wa mama yake kabisa.

Daktari kapita hapa sasa hivi, kanipa soseji kwenye mkate kwa mkono wake mwenyewe. Eti nile, nipate nguvu ya kurudia. Kaongeza kwamba kituo hiki hakukijenga mtu yeyote mwenye upendeleo na bado nakwenda kama kijana wa miaka thelathini. Akaomba radhi kwa ile kura. Nikamwambia asiombe radhi, meno yake yataoza. Kacheka. Soseji imeungua upande mmoja, hii ni kazi ya mtu aliyeacha jiko.

Upepo umetulia. Wanamalizia. Nasikia nyundo, na Tito anaimba.

Hatua kutoka benchi mpaka alama ya kuanzia: ishirini na mbili. Kutoka alama mpaka dirisha la tatu: kumi na moja. Nikishinda hii nampita Daktari. Najua kila shimo. Naweza kuifanya nimefunikwa gunia.

Nyundo imenyamaza. Tito kaacha kuimba.

Kuna kitu cheupe kwenye dirisha la tatu. Ni mateka. Wamemsimamisha upya, kushoto kwa ishirini na sita. Lazima awe mateka.

Au ni aproni.

Ofelia kaita jina langu. Mtu haitwi mpaka uwanja uwe mtupu, hiyo ni sheria, niliiandika mimi. Kwa hiyo ni mateka. Nimefumba la kulia, nimekaza la kushoto. Kimya. Hakisogei. Lakini Tito naye akiinama kubandika husimama hivyohivyo, mzito, bila kusogea, mpaka umwite.

Nimemwita. "Tito!"

Watu wamecheka. Sijasikia kajibu kutoka wapi, neti zimeanza tena.

Ofelia kaita mara ya pili. Yuko kwenye alama, doa la bluu, mkono juu na saa yake. Haharakishi. Nimesimama, naandika nimesimama. Mkanda umekaa sawa. Magazini zote mbili bado ziko hapa benchi, karibu na mkate, na hapo nitaziacha.